Habari za Kuwatunza Waliopondeka Mioyo

Katika kitabu hiki cha Jubilii wasomaji watakuta habari nyingi za makanisa yaliyojengwa, na shule zilizofunguliwa, na Mapadre waliotumwa huku na huku. Habari hizo ni njema, nazo zina tarehe zake na mawe yake ya msingi. Sisi tumeombwa kuandika habari za kazi nyingine isiyo na jiwe la msingi, wala haikuandikwa sana katika vitabu vya Misioni, nayo ni kazi ya kuwashauri na kuwatunza watu waliopondeka mioyo. Siku hizi kazi hii huitwa ushauri nasaha, na elimu inayoiongoza huitwa saikolojia, yaani elimu ya nafsi. Waalimu wengi wametuuliza kama elimu hiyo yapatana na imani yetu, au kama ni jambo la wageni lililokuja kuiondoa sala. Tumeona heri tusijibu kwa hoja, bali kwa kusimulia mambo yaliyopita. Maana kazi yenyewe ni ya zamani kuliko jina lake, na katika visiwa vyetu ilianza na watumwa.

Mtu ajaye Wete kwa chombo kutoka bahari kuu hukiona kwanza kisiwa cha Fundo. Ni kisiwa chembamba cha mawe, kimelala mbele ya bandari na kuikinga na mawimbi ya magharibi. Watu wake ni wavuvi, nao ni Waislamu, jirani zetu wema. Leo mlango wa bahari ulio kando ya Fundo hupitwa na madau ya samaki na ngalawa za kwenda sokoni. Lakini wazee wa zamani waliijua bahari hii kwa jambo jingine. Mwaka 1872 tufani kubwa iliiangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika. Basi mashamba ya Pemba yakatakiwa sana, na watu wa kuyalima wakatakiwa zaidi. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukataza watumwa wasichukuliwe baharini, na soko la Mkunazini likafungwa. Soko lilifungwa, lakini tamaa ya karafuu haikufungwa. Majahazi yalivuka usiku kutoka pwani ya bara, yakajificha katika vijito na nyuma ya visiwa vidogo, na manowari za Waingereza zikayavizia. Katika kazi hiyo Kapteni Brownrigg wa manowari London aliuawa karibu na Pemba mwezi wa Desemba 1881. Na mwaka 1887 mashua ya manowari Turquoise, chini ya Luteni Fegen, ilipigana na jahazi moja katika maji haya haya ya Pemba, na watumwa waliokuwamo wakaokolewa.

Vitabu husimulia sana vita vile, na ushujaa wa mabaharia. Sisi twataka kuuliza neno jingine: waliotolewa chini ya sitaha, walifanywaje baadaye?

Wengi walipewa Misioni. Wasichana na watu wazima walikaa Mbweni, wavulana wakatiwa shuleni Kiungani, wote katika Unguja. Na upande wa Mombasa wengine waliwekwa Frere Town tangu 1875. Walipewa nguo na chakula na mahali pa kulala, wakafundishwa kusoma na kumcha Mungu. Hizo ni sadaka kubwa, wala hatuzidharau hata kidogo. Lakini mtoto aliyemwona mama yake akiachwa njiani hawezi kuponywa kwa kanzu mpya. Wakubwa wa Misioni walilijua jambo hili kwa kiasi fulani. Askofu Steere, alipowaongoza watu waliokombolewa kurudi bara mwaka 1876, ndipo ulipoanza mji wa Wakristo wa Masasi, aliona jinsi watu wale walivyoitamani nchi yao. Na hamu ile haikuwa upumbavu wala utovu wa shukrani.

Tena pana kitabu kimoja ambacho twapenda waalimu wote wakijue. Kilitolewa London mwaka ule ule wa 1887, jina lake ni Kiungani, nacho kilitengenezwa na Bwana A. C. Madan, yule yule aliyetunga kamusi za Kiswahili. Ndani yake mna habari zilizoandikwa na wavulana wa shule wenyewe. Bwana Madan aliwaomba waandike walikotoka, na jinsi walivyokamatwa, na jinsi walivyofika pwani. Wakaandika kwa Kiswahili, naye akazifasiri kwa Kiingereza. Sijui kama Bwana Madan alidhani ya kuwa anafanya dawa. Labda alitaka tu kuwaonyesha Waingereza mambo ya Afrika, ili wazidi kuisaidia Misioni. Walakini tazameni alilolifanya: alimpa kila mtoto karatasi na wino, akamwambia aseme mwenyewe yaliyompata, kwa utaratibu wake, tangu mwanzo hata mwisho. Mtoto aliyeuzwa kama bidhaa akawa mwenye kusimulia. Wanachuo wa leo wanaowatunza watu waliookoka vitani hufanya vivyo hivyo, nao hutuambia ya kuwa jambo la kutisha likisimuliwa mbele ya mtu mwenye kusikiliza kwa upole, hupata mahali pake katika moyo, likaacha kurukaruka usiku kama mnyama asiyefungwa.

Hapa yafaa tuseme kweli hata kama kitabu hiki ni cha furaha. Misioni haikuendelea katika njia ile. Ilikuwa na kazi nyingi na watu wachache. Tena ilikuwa na dawa moja iliyoipenda sana, nayo ni maungamo. Maungamo ni sakramenti tukufu, na katika Dayosisi yetu, hasa siku za Askofu Frank Weston, aliyeshika kiti cha Unguja tangu 1908 hata alipofariki mwaka 1924, Wakristo walifundishwa kuyashika kwa bidii, na wenye makosa makubwa waliwekwa chini ya adhabu ya kanisa hata watubu. Mwenye hatia alipata faida kubwa, kwa sababu maungamo yana mwisho. Mtu huingia na mzigo, hutoka bila mzigo. Lakini si kila mzigo ni hatia. Mwenye huzuni akiambiwa atubu, atatafuta dhambi ya kutubia, na asipoiona ataitunga. Na mwenye maradhi ya akili akiambiwa atubu, huongezewa aibu juu ya ugonjwa. Waalimu wa zamani, na sisi tuliofundishwa nao, tulikuwa na ufunguo mmoja na milango mitatu.

Na wale ambao ufunguo wetu haukuwafungulia, walikwenda wapi? Hapa Pemba hapana haja ya kuuliza. Walikwenda kwa waganga, maana kisiwa chetu kina sifa hiyo pwani nzima. Hatusemi ya kuwa Mkristo aende kupungwa pepo. Lakini aliyepata kuketi karibu na shughuli ile ataungama ya kuwa mgonjwa haachwi peke yake. Jamaa hukusanyika, na pepo huulizwa mbele ya wote, Wewe nani, na wataka nini? Ndipo yule mwanamke, ambaye miaka mingi hakuulizwa neno na mtu ye yote, husema kwa kinywa cha pepo yale asiyoweza kusema kwa kinywa chake. Sisi tulipiga marufuku ngoma, na tulifanya vyema. Ila hatukuweka kitu mahali pa lile swali.

Upande wa bara, ndugu zetu Walutheri walipata akili mapema kuliko sisi. Juu ya milima ya Usambara, mahali paitwapo Lutindi, palijengwa nyumba mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliotolewa utumwani. Miaka ikapita, watoto wa namna ile wakapungua, na nyumba ikawa na nafasi. Wenye nyumba walitoka katika ushirika wa Bethel katika Ujerumani, ambako Mchungaji von Bodelschwingh alikuwa amekusanya wenye kifafa na wengine waliokataliwa na watu, akawapa makao na kazi za mikono. Basi mwaka 1904 Lutindi ikaanza kupokea wagonjwa wa akili, na watu husema ya kuwa ndiyo nyumba ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika ya Mashariki; ile ya Mathari, Nairobi, ilikuja mwaka 1910, na ya Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Lutindi ipo hata leo, mikononi mwa Kanisa. Wagonjwa hupewa dawa za waganga wa hospitali, tena hulima, hufanya kazi, husali pamoja na watunzaji wao. Sisi tukiitazama habari hiyo twaona jambo moja la ajabu, ya kuwa nyumba ya watumwa waliokombolewa iligeuka kuwa nyumba ya wagonjwa wa akili, na paa lake lisibadilishwe.

Huko ng'ambo elimu ya nafsi ilikuwa ikikua mbali na kanisa, na mara nyingine ikiligombeza. Hatutaeleza yote. Itoshe kumtaja Anton Boisen, mchungaji Mmarekani, aliyeugua akili mwenyewe mwaka 1920 akawekwa hospitalini. Alipopona alitambua ya kuwa katika hospitali ile walikuwapo mabingwa wa ubongo, lakini hakuwapo mtu wa kumwuliza juu ya Mungu. Na katika kanisa walikuwapo watu wa kumwuliza juu ya Mungu, lakini hawakujua lo lote juu ya ugonjwa wake. Basi mwaka 1925 akaanza kuwafundisha wanafunzi wa uchungaji ndani ya hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, akiwaambia wamsome mtu aliye hai kama wasomavyo vitabu. Mafundisho ya namna hiyo yalienea, hata hospitali ya KCMC, Moshi, watumishi wa Kanisa hufundishwa kazi hiyo kando ya vitanda vya wagonjwa. Wa pili ni mganga Erich Lindemann wa Boston. Mwaka 1942 nyumba moja ya starehe iliteketea katika mji ule, wakafa watu 492. Lindemann aliwatazama waliofiwa, na mwaka 1944 akaandika ya kuwa huzuni ina kazi yake, nayo kazi hiyo isipofanywa hujificha mwilini, ikatokea baadaye kuwa maradhi, au ukali, au ububu. Akasema tena ya kuwa wachungaji waweza kusaidia sana, ila faraja ya maneno haitoshi.

Tulipoyasoma hayo kwa mara ya kwanza tuliyaona kuwa mambo ya Marekani. Hatukujua ya kuwa yatatufikia.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli iitwayo Spice Islander, iliyokuwa ikitoka Unguja kuja Pemba, ilizama mbele ya Nungwi. Ilikuwa imepakia watu kupita kiasi. Miili iliyopatikana ilikuwa zaidi ya mia mbili, na tume ya Serikali baadaye ilisema ya kuwa waliopotea bila kuonekana wamezidi elfu moja. Pemba yote ilifiwa. Palikuwa na nyumba zilizofunga matanga bila jeneza, na wake waliokaa eda bila kujua siku ya kuihesabu. Huyu baharini, yule baharini, kaburi hakuna.

Katika ushirika wetu mdogo palikuwa na mama mmoja mjane, ambaye mwanawe alikuwa katika meli ile, wala hakuonekana. Sisi tulikuwa vijana katika kazi, na tulijiona tumejua. Tulimwendea siku ya tatu, tukamsomea, tukasali, tukamwambia ashukuru kwa kuwa mwanawe yu mikononi mwa Bwana. Alitujibu, Ndiyo, mwalimu. Tulimwendea tena baada ya siku arobaini, tukamkuta amekonda, nyumba haikufagiwa, na sahani ya kijana imewekwa mkekani kana kwamba anangojewa. Tulimwonya. Tulimwambia ya kuwa Mkristo halii kama mtu asiye na tumaini. Alijibu vile vile, Ndiyo, mwalimu. Wala hakuja kanisani Jumapili ile, wala iliyofuata.

Ndipo habari ikatufikia ya kuwa mama huyu hupanda dau kila wiki kwenda Fundo. Watu wakasema, Amekwenda kwa mganga kuulizia mwanawe. Tukaamini mara moja. Tukakata shauri kumfuata, tumshike huko huko, kisha tumpeleke mbele ya kanisa ili aadhibiwe; na njia nzima, dau likipigwa na kusi, tulikuwa tukiyapanga maneno ya kumwambia. Tulipofika Fundo tuliuliza, tukaonyeshwa nyumba ya makuti karibu na pwani. Hapakuwa na mganga. Palikuwa na mwanamke wa Kiislamu, wa makamo yake, ambaye mwanawe naye alipotea katika meli ile ile. Vijana wawili hawa walikuwa marafiki na walisafiri pamoja. Mama wetu alikuwa ameketi naye ukumbini wakisuka ukili. Mmoja alisema neno juu ya mwanawe, jinsi alivyopenda kula au jinsi alivyokuwa mkaidi, na mwenzake akaitikia, kisha akasema lake. Wakanyamaza. Wakaanza tena. Yule mwenyeji alitukaribisha, akatuletea maji, akasema, Karibu, mwalimu, keti, ndio tunawataja wanetu.

Tuliketi. Maneno tuliyoyapanga njiani hatukuyasema, wala hatukuwa na mengine. Tulikaa hata maji yalipojaa na nahodha alipotuita, na siku ile tulisikia habari za kijana yule nyingi kuliko tulizozijua katika miaka yote aliyokuwa mwanafunzi wetu wa Jumapili.

Katika dau, wakati wa kurudi, mama akatuambia ya kuwa usiku halali. Akifumba macho huona maji. Neno hili hakupata kutuambia nyumbani kwake, kwa kuwa hatukumwuliza. Basi kesho yake tulimpeleka hospitali Wete, tabibu akampima, akampa dawa ya kumsaidia kulala na kumwagiza arudi. Wapo Wakristo waliotulaumu kwa jambo hilo, wakisema tumempeleka hospitali mtu asiyeumwa. Tuliwajibu kwa habari ya nabii Eliya, alipolala chini ya mti jangwani akitaka kufa. Malaika hakumhubiri. Alimwamsha ale mkate na kunywa maji, akamwacha alale tena, akamwamsha mara ya pili ale, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa mno. Mkate ulitangulia, na usingizi. Na alipofika mlimani hakuanza kwa kufundishwa, bali aliulizwa anafanya nini pale, akasema shida yake yote, akaulizwa tena, akaisema tena. Na rafiki za Ayubu, siku saba walizokaa naye chini bila kusema neno, walikuwa washauri wazuri. Walianza kukosea walipofungua vinywa. Tumesoma habari hizi tangu utoto. Elimu ya nafsi haikutupa kitu kigeni hapo. Ilituonyesha tu tulichokuwa tukikiruka tusomapo.

Baadaye tulijifunza ya kuwa mwanachuo mmoja wa Marekani, Pauline Boss, ameandika sana juu ya huzuni ya namna hii, ya mtu aliyepotea bila kuonekana, ambaye jamaa zake hawawezi kumzika wala kumngojea. Ameonyesha ya kuwa watu kama hao si wagonjwa wala si wadhaifu. Jambo lenyewe ndilo lisilo na mwisho, na kuwahimiza waimalize huzuni yao ni kuwaongezea taabu. Lakini hata elimu hiyo ina mpaka wake. Yaweza kumfundisha mama kuishi na swali lisilo na jibu. Haiwezi kumwambia mwanawe yuko wapi. Hapo ndipo penye kazi yetu, nasi tusiikimbie kwa kuona haya mbele ya wataalamu. Ila tuifanye kwa wakati wake, baada ya kuketi, baada ya kusikiliza, na baada ya mtu kupata usingizi.

Kwa upande wa waalimu, tangu siku ile tumefanya desturi ndogo katika ushirika wetu, wala hatuamrishi wengine. Mtu akiletwa kwetu na neno zito, hatufungui kitabu siku ya kwanza. Twamwuliza yaliyompata na kumwacha aseme. Kisha twajiuliza wenyewe milango ile mitatu. Kama ni hatia, twampeleka kwa Padre. Kama ni maradhi, kwa tabibu, na ikiwa ni makubwa, avuke kwenda Unguja, hospitali ya Kidongo Chekundu, nasi twamtafutia mtu wa kwenda naye, kwa maana wengi huogopa jina la mahali pale kuliko ugonjwa. Kama ni huzuni, twakaa naye. Mara nyingi ni yote matatu pamoja, na hapo twakosea bado. Mtu mmoja tulimweka katika huzuni mwezi mzima, kumbe alikuwa mgonjwa wa malaria ya siku nyingi! Aliyesemwa kwetu kwa siri hubaki kwetu. Jambo hili Padre alilijua zamani kwa sababu ya maungamo, lakini sisi waalimu tulikuwa na midomo.

Mwezi wa Novemba wa mwaka 2012, katika Sikukuu ya Marehemu Wote, mama yule alituletea karatasi yenye majina ya kusomwa altareni. Jina la mumewe lilikuwapo kama kila mwaka. Chini yake ameandika jina la mwanawe, kwa mara ya kwanza, na chini ya hilo jina la tatu, la kijana wa Fundo. Tulimwambia ya kuwa kijana huyu hakuwa Mkristo, na ya kuwa tutamwuliza Padre. Padre alisema lisomwe pamoja na mengine yote ya waliozama, naye akalisoma. Jumanne iliyofuata mama akapanda dau.